Padre Patrick Peyton na Michezo ya Redio Iliyozipigisha Familia Magoti

Usemi kwamba familia inayosali pamoja hudumu pamoja umezoeleka mno katika mahubiri ya ndoa na semina za familia, hata waamini wengi hudhani umetoka katika kitabu cha Mithali au kwa mmojawapo wa Mababa wa Kanisa. Haukutoka huko. Uliandikwa Marekani na Al Scalpone, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutunga matangazo ya biashara, kwa ajili ya kipindi cha michezo ya kuigiza redioni kilichoitwa Family Theater. Mwanzilishi wa kipindi hicho ni Padre Patrick Peyton wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, mwana wa mkulima maskini wa Ireland.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1909 huko Attymass, jimbo la Mayo, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa. Shamba lao lilikuwa dogo na lenye mawe, na baba yake, John, alikuwa mtu wa afya dhaifu. Lakini kila jioni, kazi ziwe zimekwisha au hazijakwisha, baba huyo aliwakusanya wote wapige magoti wasali Rozari. Patrick alipofikisha miaka 19 alivuka bahari pamoja na kaka yake Thomas, wakaenda Scranton, Pennsylvania, walikokuwa wametangulia dada zao. Huko alipata kazi ya kutunza Kanisa Kuu: kufagia, kuwasha tanuri la kupasha joto, kufunga milango usiku. Katika ufagiaji huo wito wa upadre, aliokuwa ameukatia tamaa, ukamrudia. Mwaka 1929 ndugu hao wawili wakapokelewa seminarini Notre Dame, Indiana.

Mwaka 1938, akiwa amekaribia Daraja Takatifu, alianza kutapika damu. Ilikuwa kifua kikuu, na wakati huo dawa ya kuutibu ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana. Hali ikazidi kuwa mbaya, hata madaktari wakamwambia achague kati ya upasuaji wa hatari na sala. Dada yake Nellie alimsihi amkimbilie Bikira Maria. Mwalimu wake wa zamani, Padre Cornelius Hagerty, akaketi kando ya kitanda akamweleza kwamba Mama wa Mungu hutenda kwa kadiri ya imani ya anayemwomba: ukimtumainia nusu, utapata nusu. Kijana yule akaamua kumtumainia kikamilifu. Mwishoni mwa mwaka 1939 vipimo vilionyesha mapafu yanapona. Tarehe 15 Juni 1941 alipewa Daraja la Upadre pamoja na Thomas. Mama yao na Nellie hawakuiona siku hiyo. Wote wawili walifariki mwaka 1939.

Tangu hapo Padre Peyton alijihesabu kuwa mdeni. Mwaka 1942, akiwa Albany, New York, aliazimia kulipa deni lake kwa kuzifanya familia milioni kumi zisali Rozari kila siku. Alianza kwa barua kwa maaskofu na maparoko, akisaidiwa na wanafunzi waliojitolea kupiga chapa. Barua hazikutosha, akageukia redio. Tarehe 13 Mei 1945, Siku ya Mama, siku tano tu baada ya vita kumalizika Ulaya, mtandao wa redio wa Mutual ulimpa nusu saa. Bing Crosby, mwimbaji aliyependwa kuliko wengi wakati huo, alikubali kushiriki. Waliosali Rozari hewani walikuwa wazazi wa ndugu watano wa familia ya Sullivan, ambao wote walikufa katika meli moja ya kivita mwezi Novemba 1942. Nchi nzima ilikijua kisa chao.

Mutual wakawa tayari kumpa nafasi ya kila wiki, lakini kwa masharti. Kipindi kiwe cha ubora wa juu. Kila mchezo uwe na mwigizaji mashuhuri. Gharama za utayarishaji azibebe yeye. Na sharti lililouma kuliko yote: kisiwe cha dhehebu lolote. Padre aliyekuwa anadaiwa uhai wake na Bikira Maria hangeweza kuihubiri Rozari katika kipindi alichokilipia mwenyewe!

Alikubali. Wapo watakaosema aliificha taa chini ya pishi, lakini mimi naona alimwamini Mungu kuliko alivyoyaamini maneno yake mwenyewe. Aliona kwamba nyumba ikishaanza kusali pamoja, mlango umefunguka, mengine yatafuata. Basi tarehe 13 Februari 1947 mchezo wa kwanza ukarushwa, wakiigiza Loretta Young na Don Ameche. Aliyewakaribisha wasikilizaji alikuwa James Stewart, ambaye alikuwa Mpresbiteri. Nyota wa Hollywood, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, walikuja bila kudai ujira waliouzoea.

Michezo yenyewe haikuwa mafundisho ya katekisimu. Ilisimulia habari za ndoa zinazotikisika, za wazazi na watoto, za watu wa kawaida katika majaribu. Mingine ilitoholewa kutoka riwaya mashuhuri. Mahali ambapo vipindi vingine vilitangaza sabuni na sigara, hiki kilitangaza sala. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye redio ya betri twajua jambo hili: mahubiri marefu watu huyasikiliza huku wakiendelea kula, ila mchezo wa redio ukifika penyewe, kijiko husimama hewani. Family Theater iliendelea hivyo kwa takriban miaka kumi.

Rozari iliyonyamaza redioni ilisikika viwanjani. Kuanzia mwaka 1948, huko London ya Kanada, Padre Peyton aliendesha makusanyiko makubwa ya Rozari katika nchi nyingi. San Francisco, mwaka 1961, walikusanyika watu wapatao nusu milioni. Alitengeneza pia filamu za mafumbo kumi na matano, yaani kabla Mafumbo ya Mwanga hayajaongezwa mwaka 2002.

Hapa pana doa ambalo si haki kulipita kimya. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, sehemu ya fedha za kampeni zake Amerika ya Kusini ilitoka katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kwa kupitia mfanyabiashara J. Peter Grace, kwa kuwa serikali ile iliona sala za umati kuwa kinga dhidi ya ukomunisti. Jambo hilo liliwasumbua wakuu wake wa shirika, likafika Roma, na Papa Paulo VI akaagiza likomeshwe. Yule aliyekubali kulinyamazisha jina la Rozari ili apate redio, safari hii alipokea msaada ambao ungeweza kuifanya Rozari yenyewe kuwa chombo cha siasa. Sina shaka na nia yake. Busara yake hapo nina shaka nayo.

Alifariki tarehe 3 Juni 1992 huko San Pedro, California, katika nyumba ya Masista Wadogo wa Maskini, akazikwa Easton, Massachusetts, katika makaburi ya shirika lake. Tarehe 18 Desemba 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha hati inayotambua kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Ili atangazwe Mwenyeheri, Kanisa linasubiri muujiza uthibitishwe kwa maombezi yake.