Jim Henson, jamaa aliyefunza watoto kwa koti kuukuu la mamake

Kama ulijifunza A, B, C mbele ya runinga ukiwa mdogo, huenda mkono wa Jim Henson ulihusika. Na wala hakupanga kuwa mwalimu wa mtu.

Alizaliwa 1936, Mississippi, Marekani. Akiwa kijana aliwasumbua wazazi mpaka wakanunua runinga. Mnamo 1954 kituo kimoja kilitafuta vijana wa kuchezesha vikaragosi. Henson hakuwa na mapenzi navyo. Alitaka tu kuingia studio. Akajitengenezea vyake, akapata kazi.

Mwaka uliofuata alikata koti kuukuu la mamake, akashona kiumbe kimoja, akakitia macho ya mpira wa tenisi ya meza uliopasuliwa katikati. Huyo ndiye Kermit. Wakati huo hata hakuwa chura. Uchura ulikuja baadaye.

Joan Ganz Cooney alipomwalika kwenye Sesame Street, kipindi cha kuwafunza watoto ambao hawajaanza shule, hasa wa familia maskini mijini, Henson alisita. Aliogopa watu wangemwona mtumbuizaji wa watoto tu, basi. Mwishowe akakubali.

Sasa sikia hii. Wataalamu walishauri vikaragosi visichanganywe na binadamu, ati watoto watachanganyikiwa. Vipindi vya majaribio vikarekodiwa hivyo, watoto wakaonyeshwa. Vikaragosi vikitokea, wametulia tuli. Watu wazima wakibaki peke yao pale mtaani, macho yanahama. Ushauri ukatupwa. Ndipo wakaundwa Big Bird, ndege mrefu kuliko mtu, na Oscar mnuna wa kwenye pipa la taka, wakaishi mtaa mmoja na binadamu. Kipindi kilianza Novemba 10, 1969. Wanaounda programu za simu za watoto siku hizi, wangapi huketi kwanza na mtoto waone anapochoka?

Henson hakuogopa teknolojia. Mnamo 1989 alileta Waldo, kikaragosi cha kompyuta: mtu anachezesha kifaa kwa mkono, na Waldo anafungua mdomo kwenye skrini papo hapo.

Mei 16, 1990, maambukizi ya bakteria yalimuua jijini New York. Alikuwa amechelewa kwenda hospitali. Alikuwa na miaka 53 pekee. Aliacha maagizo kwamba mtu asivae nyeusi kwenye ibada yake. Kanisa likajaa rangi, na Big Bird akasimama mbele ya waombolezaji akaimba wimbo wa Kermit.