Daktari wa Vienna na mjukuu wangu wa Nyacheki

Binti ya dadangu ameolewa Nyacheki, kule Kisii, na mwezi jana nilikwenda kumjulia hali. Mwanawe wa miaka miwili ana ukurutu, ule ambao wengi wetu twauita pumu ya ngozi. Lakini kilichonishtua zaidi ni wembamba wake. Alipimwa mzio kwa kuchomwachomwa ngozi, pakavimba kwa maziwa, mayai, njugu na ngano, na ile karatasi ya majibu ikawa hukumu: asile chochote katika hivyo. Nyumba ina ng'ombe na kuku, mtoto anywa uji mtupu wa wimbi. Na kabla ya kupimwa, maziwa alikuwa akiyanywa kila siku bila tatizo!

Njiani kurudi Mombasa nilimfikiria Clemens von Pirquet, maana neno aleji ni lake.

Alizaliwa 1874 karibu na Vienna, kwa watu wa ukoo mkubwa. Alianza na masomo ya dini, akaingia falsafa, mwishowe akawa tabibu wa watoto. Zama hizo watoto wenye dondakoo walidungwa dawa itokanayo na damu ya farasi. Yeye na mwenzake Béla Schick waliona baadhi yao wakipata vipele na homa, na aliyedungwa mara ya pili akiugua upesi zaidi. Wakafahamu kuwa mwili una kumbukumbu. Mwaka 1906 Pirquet akaipa hali hiyo jina.

Mwaka uliofuata akaleta kipimo cha kifua kikuu, mkwaruzo mdogo tu mkononi. Hapa wazazi wenzangu tutulie kidogo. Watoto wengi wa Vienna walivimba pale penye mkwaruzo, nao wazima, wanacheza. Uvimbe ulionyesha kwamba mwili umeshakutana na kijidudu. Ugonjwa ni jambo jingine.

Kipimo cha chakula kwa mtoto mwenye ukurutu kina tabia hiyo hiyo. La kuuliza kwanza ni nini hutokea akishakula yai, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, mabaka, kutapika, kupumua kwa shida? Pakiwa na shaka, daktari humlisha kidogo kidogo hospitalini, mbele ya macho yake. Na ngozi yenyewe itibiwe vizuri, kwa mafuta ya kulainisha na krimu aliyoandika daktari.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Pirquet huyo huyo alisimamia kulishwa watoto wenye njaa wa Austria, na kila chakula alikipima kwa kukilinganisha na gramu moja ya maziwa. Februari 1929 yeye na mkewe walijitoa uhai. Hilo namwachia Mola.

Mpwa wangu nimemwambia asimrudishie maziwa kwa kubahatisha, kwani chakula kilichokatwa muda mrefu chaweza kurudi na kishindo. Aandike yote aliyokuwa akila zamani, amwone daktari wa watoto Kisii mjini. Wana miadi Jumanne, inshallah.