Paul Williams, msanifu aliyechora juu chini
Kila nimwonapo kijana wetu akiambiwa usanifu majengo si kazi ya watu kama yeye, humkumbuka Paul Williams, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1894. Alibaki yatima akiwa na miaka minne. Mwalimu wake alimwonya kuwa wazungu hawatampa kazi. Hakurudi nyuma. Alijifundisha kuchora juu chini, ili mteja mzungu asiyetaka kukaa ubavuni mwake auone mchoro sawasawa kutoka ng'ambo ya meza. Mwaka 1923 akawa mweusi wa kwanza kuingia Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani. Alisanifu majumba kwenye mitaa aliyokatazwa kuishi. Alifariki 1980, nishani ya dhahabu ya taasisi hiyo akatunukiwa 2017. Nasi, ndugu zangu, wangapi tumewaketisha ng'ambo ya meza?