Epaminondas, Jemadari wa Thebes

Katika habari za Wayunani wa kale twasikia mara nyingi sifa za Sparta, mji uliofanya vita kuwa kazi ya maisha. Mtoto wa kiume alipopata miaka 7 alitolewa nyumbani kwa mama yake, akalelewa pamoja na wenzake katika njaa, baridi na fimbo, hata awe askari. Wala hakulima. Mashamba yalilimwa na watumwa walioitwa heloti, na wengi wao walikuwa watu wa Messenia, nchi jirani ambayo Sparta iliitiisha zamani. Basi ushujaa ule wote ulikuwa na hofu ndani yake, maana mabwana walikuwa wachache na watumwa wengi.

Leo twataka kueleza habari za Epaminondas wa mji wa Thebes, aliyeuvunja uwezo ule. Alizaliwa katika jamaa yenye heshima lakini isiyo na mali, wala hakuuonea haya umaskini wake. Mwalimu wake Lysis, aliyefuata mafundisho ya Pythagoras, alimzoeza elimu na kiasi.

Mwaka 371 K.K. wajumbe wa miji walikusanyika Sparta ili kufanya amani. Epaminondas alitaka Thebes iape kwa niaba ya miji yote ya Boeotia, kama Sparta ilivyowaapia rafiki zake. Mfalme Agesilaus akakasirika, akaifuta Thebes katika mapatano. Hazikupita siku nyingi, majeshi yakakutana Leuctra. Desturi ilikuwa kuwaweka askari hodari upande wa kuume. Epaminondas akawaweka upande wa kushoto, safu 50 kwenda nyuma, wawaelekee Wasparta wenyewe, ambao safu zao hazikupita 12. Jeshi lake lilikuwa dogo kuliko lao, walakini mfalme Cleombrotus akauawa, na katika raia 700 wa Sparta waliokuwapo wakaanguka 400 hivi.

Wengi wangaliridhika na sifa hiyo. Yeye, wakati wa baridi uliofuata mwaka 370 K.K., akaingia katika nchi ya Sparta yenyewe, kisha akawaweka huru watu wa Messenia, akawajengea mji wa Messene wenye kuta za mawe, ambazo mabaki yake yasimama hata leo. Lakini muda wa ujemadari ulikuwa mwaka mmoja tu, nao ulikuwa umekwisha. Na adhabu ya kuupita ilikuwa kifo. Akakaa, akijua hayo, mpaka kazi itimie. Aliporudi alishtakiwa. Yasimuliwa kwamba hakukana neno, ila aliomba hukumu yake iandikwe pamoja na sababu yake, yaani kwamba aliwashinda Wasparta na kuwaokoa Wamessenia. Waamuzi wakamwacha.

Mwaka 362 K.K. alichomwa mkuki huko Mantinea, akafa jeshi lake likiwa linashinda. Hakuacha mke wala mtoto. Uwezo wa Thebes haukudumu. Mwaka 335 K.K. Alexander aliubomoa mji. Tena heloti waliokaa karibu na Sparta walibaki utumwani. Lakini Messenia haikurudi tena chini ya Sparta. Hivyo twaona kwamba Leuctra ilimpatia Epaminondas jina, bali kazi iliyodumu kuliko ushindi wake ni ile ambayo kwayo alihatarisha kichwa chake mbele ya watu wake mwenyewe.