Randolph Turpin

Randolph Adolphus Turpin (7 Juni 1928 – 17 Mei 1966) alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kumshinda Mmarekani Sugar Ray Robinson jijini London tarehe 10 Julai 1951 na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa kati. Ubingwa huo aliushika kwa siku 64 tu. Alikuwa pia bingwa wa Ulaya wa uzito wa kati, na bingwa wa Uingereza katika uzito wa kati na uzito wa juu mwepesi.

Maisha ya awali

Turpin alizaliwa Leamington Spa, katika wilaya ya Warwickshire. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto watano. Baba yake, Lionel Turpin, alikuwa mtu mweusi kutoka Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Alikwenda Ulaya na kupigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na huko mapafu yake yaliharibiwa na gesi ya sumu. Alifariki kutokana na madhara hayo mwaka 1929, Randolph akiwa bado hajatimiza mwaka mmoja. Mama yake, Beatrice Whitehouse, alikuwa Mwingereza mweupe ambaye baba yake aliwahi kupigana ngumi za mikono mitupu.

Mama alibaki na mzigo wa kulea watoto katika umaskini. Baadaye aliolewa tena, na familia iliishi katika mji jirani wa Warwick. Watoto hao walikuwa miongoni mwa watu weusi wachache sana mjini hapo, na wavulana walizoea kutukanwa barabarani kwa sababu ya rangi yao. Wote watatu, yaani Dick, Jackie na Randolph, waliingia katika ngumi. Randolph hakusikia vizuri tangu utotoni, na jambo hilo lilimfanya aonekane mkimya na mgumu kuzoeleka.

Ngumi za ridhaa

Turpin alianza ngumi akiwa mtoto katika klabu ya Leamington. Mwaka 1945 alishinda ubingwa wa taifa wa ngumi za ridhaa katika uzito wa welter, na mwaka 1946 akaushinda ule wa uzito wa kati. Katika kipindi hicho alitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza kama mpishi. Watu wa Warwickshire walimpa jina la utani lenye maana ya Mchapaji wa Leamington.

Kizuizi cha rangi

Turpin aliingia ngumi za kulipwa tarehe 17 Septemba 1946 katika ukumbi wa Harringay, London, akashinda katika raundi ya kwanza. Meneja wake alikuwa George Middleton, mkazi wa Leamington.

Wakati huo bondia mweusi, hata akiwa amezaliwa Uingereza, hakuruhusiwa kugombea ubingwa wa nchi yake. Kanuni ya Bodi ya Ngumi ya Uingereza ilidai kwamba mgombea awe na wazazi wawili weupe. Kwa hiyo kijana ambaye baba yake alikufa kwa majeraha ya vita vya Uingereza hakuhesabiwa kuwa Mwingereza kamili ulingoni.

Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1948, na wa kwanza kufaidika alikuwa kaka yake mkubwa. Tarehe 28 Juni 1948, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Dick Turpin alimshinda Vince Hawkins kwa pointi, akawa bondia mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa Uingereza tangu kanuni hiyo kufutwa.

Mwaka huohuo ulikuwa mgumu kwa Randolph. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa inavunjika, na alishindwa mara mbili: mbele ya Albert Finch na mbele ya Mfaransa Jean Stock. Baada ya hapo aliendelea kujenga mwili wake kwa kunyanyua vyuma, zoezi ambalo makocha wengi wa ngumi wa enzi hizo walilipinga.

Tarehe 17 Oktoba 1950 alimwangusha Finch katika raundi ya 5 na kutwaa ubingwa wa Uingereza wa uzito wa kati. Finch ndiye aliyekuwa amemnyang'anya Dick ubingwa huo mwezi Aprili mwaka huo. Tarehe 27 Februari 1951 Turpin alimpiga Mholanzi Luc van Dam katika sekunde 48 tu, akawa bingwa wa Ulaya.

Ushindi dhidi ya Robinson

Mwaka 1951 Sugar Ray Robinson alikuwa akihesabiwa na wengi kuwa bondia bora kuliko wote duniani. Katika mapambano zaidi ya 120 ya kulipwa alikuwa ameshindwa mara moja tu, mbele ya Jake LaMotta mwaka 1943, na tayari alikuwa amelipiza kisasi. Katika kiangazi cha mwaka 1951 alizunguka Ulaya na msafara mkubwa wa wasaidizi, akipigana mara kwa mara na kufurahia starehe. Promota Jack Solomons alimleta London kutetea ubingwa wake.

Turpin alifanya mazoezi katika kasri ya Gwrych, kaskazini mwa Wales. Wachache walimpa nafasi ya kushinda. Lakini katika ukumbi wa Earls Court, mbele ya watazamaji wapatao 18,000, alimshangaza bingwa tangu mwanzo. Alimsukuma kwa nguvu walipokumbatiana, na ngumi yake ya kushoto ilifika kutoka pembe ambazo Robinson hakuzizoea. Katika raundi ya 7 vichwa viligongana na Robinson akachanika juu ya jicho. Baada ya raundi 15 refa Eugene Henderson, ambaye ndiye pekee aliyetoa uamuzi, aliuinua mkono wa Turpin.

Alikuwa bondia wa kwanza wa Uingereza kushika ubingwa wa dunia wa uzito wa kati tangu Bob Fitzsimmons, aliyeutwaa mwaka 1891. Maelfu ya watu walijaa barabarani Leamington na Warwick kumpokea.

Marudiano ya New York

Mkataba ulikuwa na sharti la pambano la marudiano. Lilifanyika tarehe 12 Septemba 1951 katika uwanja wa Polo Grounds, New York, mbele ya watu 61,370. Mapato ya mlangoni yalizidi dola 760,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa katika pambano lisilo la uzito wa juu.

Hadi raundi ya 9 wawili hao walikuwa wakikaribiana. Katika raundi ya 10 Robinson alianza kutoka damu nyingi juu ya jicho. Akihofia kusimamishwa, alishambulia kwa nguvu zote na kumwangusha Turpin. Turpin aliinuka, akabanwa kwenye kamba na kupigwa mfululizo bila kujibu. Refa Ruby Goldstein alisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 8 raundi iishe. Wapo Waingereza walioona kwamba refa aliharakisha. Hata hivyo, siku chache kabla bondia kijana alikuwa amefariki baada ya kupigana mjini humo, na waamuzi walikuwa waangalifu.

Miaka iliyofuata

Turpin alipanda uzito, na tarehe 10 Juni 1952 alimshinda Don Cockell na kutwaa ubingwa wa Uingereza wa uzito wa juu mwepesi. Robinson alipostaafu, Turpin alimshinda Mfaransa Charles Humez London mwezi Juni 1953. Tarehe 21 Oktoba 1953 aligombea ubingwa wa dunia uliobaki wazi dhidi ya Carl Olson katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Aliingia ulingoni bila maandalizi ya kutosha, akashindwa kwa pointi. Mwezi Mei 1954 Tiberio Mitri alimpiga Roma katika raundi ya kwanza na kumvua ubingwa wa Ulaya.

Aliendelea kushinda nyumbani katika uzito wa juu mwepesi, lakini tarehe 9 Septemba 1958 aliangushwa na Yolande Pompey wa Trinidad katika raundi ya 2, akaacha ngumi. Rekodi yake inaonyesha mapambano 75: ushindi 66, kushindwa 8 na sare 1.

Fedha na kifo

Turpin alipata fedha nyingi kwa muda mfupi, na nyingi zilipotea upesi. Aliwagawia ndugu na marafiki, na mtaji aliouweka katika hoteli juu ya kilima cha Great Orme huko Llandudno, Wales, haukumletea faida. Wakati huohuo idara ya kodi ilimdai kodi ya mapato ya miaka ya ubingwa, hasa ya pambano la New York, na hakuwa tena na uwezo wa kulipa.

Alifanya kazi katika yadi ya vyuma chakavu ya meneja wake wa zamani, na alipigana mieleka ya kulipwa katika kumbi ndogo. Mwaka 1962 alitangazwa kuwa mufilisi. Yeye na mke wake wa pili, Gwen, waliyezaa naye mabinti wanne, waliendesha mgahawa mdogo Leamington.

Tarehe 17 Mei 1966 Turpin alikutwa amekufa kwa risasi nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 37. Binti yake mdogo alijeruhiwa vibaya kwa risasi, lakini alipona. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba Turpin alijiua.

Kumbukumbu

Mwaka 2001, miaka 50 baada ya ushindi wa Earls Court, sanamu yake ya shaba ilizinduliwa katika uwanja wa soko wa Warwick. Mwaka huohuo aliingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mashujaa wa Ngumi nchini Marekani.