Nani alilipia masomo ya Mwalimu Nyerere?

Kila msimu wa maombi ya vyuo unapokaribia, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Same na vijiji vya Milima ya Upare: kijana akitaka kuendelea na masomo ya juu, nani atalipa? Leo tunaangalia maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo mapema.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito na Mugaya. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Julius aliingia Makerere, Uganda, kwa ufadhili wa serikali, akahitimu ualimu mwaka 1945.

Mwaka huohuo maelfu ya Wapare walishuka Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya mtu. Kama kodi peke yake iliwatoa watu milimani, tunaweza kuelewa kwa nini mkulima wa kawaida hakuweza hata kufikiria karo ya Ulaya.

Nyerere alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora. Mkuu wake, Padre Richard Walsh, alimhimiza aombe nafasi ya kusoma Uingereza. Haukuwa uamuzi mwepesi: alikuwa na mshahara, na alikuwa amemchumbia Maria. Mwaka 1949 aliondoka, akilipiwa na serikali ya kikoloni, na Oktoba akaanza Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alisoma historia, uchumi na falsafa, akapata M.A. mwaka 1952. Kwa utaratibu wa Scotland, hiyo ni shahada ya kwanza ya sanaa, ingawa jina lake hufanana na shahada ya uzamili ya kwetu.

Alirudi, akafunga ndoa Januari 1953 na kufundisha Pugu. Mwaka 1954 TANU ilianzishwa chini ya uongozi wake. Serikali iliyomlipia ikawa ndiyo anayoitaka iondoke.

Akiwa Rais, deni la elimu lilimrudia kwa sura nyingine. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu ya mishahara yao. Nyerere aliwarudisha makwao mamia ya wanafunzi hao, wengi wao watoto wa wakulima, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwake, aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi alikuwa na deni kwao.

Alifariki 14 Oktoba 1999. Tangu mwaka 2005, Bodi ya Mikopo imeliandika deni hilo kwa tarakimu, na mhitimu hulilipa kwa makato ya mshahara.

Kwa kijana wa Same tunaona mambo mawili. Nyerere alihitaji mtu wa karibu aliyeijua nafasi na kumsukuma aombe. Mwalimu wako anaweza kuwa huyo. Na kabla ya kusaini, uliza kwanza: huu ni ufadhili au mkopo?