Samuel Ajayi Crowther: Mtoto wa Vita Aliyekuwa Askofu

Katika maombi ya jioni ya akina mama, na hata kwa vijana, kuna jambo linalorudi kila wiki: usingizi umepotea, mawazo ni mengi, na mwingine anasema afadhali angefia njiani. Wengine wanadhani Mkristo akiwaza hivyo basi hana imani. Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia habari za mtumishi huyu wa Mungu. Tulisoma habari zake katika chuo cha Biblia, lakini kule tulikazia zaidi uaskofu wake. Utoto wake tuliuelewa baada ya sisi wenyewe kukimbia.

Ajayi alizaliwa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mwaka 1821, akiwa na miaka kama 12 au 13, adui waliuzingira mji asubuhi, chakula kikiwa bado jikoni. Baba yake alikuja mbio, akawaambia wakimbie, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Mama alikimbia na watoto, na mmoja wao alikuwa bado mchanga. Ajayi alikuwa na upinde na mishale mitano, lakini upinde ukampotea vichakani. Walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni kama mbuzi, wakaongozwa nje huku mji ukiungua.

Ndugu walitenganishwa. Ajayi alibadilishwa na farasi, farasi hakumpendeza mwenyewe, kijana akarudishwa. Kwa muda wa miezi kama mitatu alikaa katika mji mmoja na mama yake, akapata nafuu kidogo. Halafu akauzwa tena ghafla, bila kuagana. Aliposikia kwamba atapelekwa pwani kwa Wareno, alikataa chakula, akaugua. Usiku alijaribu mara kadhaa kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo ulishindwa kukaza kitanzi. Baadaye aliwaza pia kujitupa mtoni.

Tumesita kuliandika jambo hili katika jarida la kanisa. Lakini yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 1837, miaka 15 baada ya kuokolewa, aliandika barua kwa wakubwa wa misheni akaeleza yote, hata hayo ya mshipi. Wakati huo alikuwa mwalimu, na hakuona kwamba kusema kutamvunjia heshima. Basi, kama kuna ndugu anayewaza hivyo usiku huu, asingoje miaka 15. Aje nyumbani kwetu saa yoyote, au amwambie jirani amsindikize zahanati.

Mwezi Aprili 1822 walipakiwa Lagos katika merikebu ya Wareno, watumwa 187. Hawakufika mbali kabla manowari ya Waingereza haijaikamata merikebu ile. Wangefurahi, sivyo? Hapana. Watoto waliona nyama ya nguruwe imening'inizwa na risasi za mizinga zimelundikwa, wakadhani ni nyama na vichwa vya wenzao. Hofu haikuondoka mpaka walipotazama kwa karibu. Nasi tunawajua watoto hapa ambao, gari la mgao likinguruma, wanaingia chini ya kitanda. Wazazi, msiwapige kwa ajili hiyo.

Walishushwa Sierra Leone, mahali ambapo watu wa makabila mengi waliookolewa baharini walikaa pamoja kama sisi, kila mmoja na lugha yake. Ajayi aliomba sarafu anunue karatasi ya alfabeti, na katika miezi sita alisoma Agano Jipya. Alijifunza pia useremala. Mwaka 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, naye pia mtumwa aliyeokolewa. Kwa maoni yetu, kitabu, randa na nyumba yake mwenyewe vilimrudishia nguvu pamoja na mahubiri, si mahubiri peke yake.

Alipewa upadri London mwaka 1843, akatumwa Abeokuta kwa watu wa kabila lake. Huko, mwezi Agosti 1846, mama yake alikuja na kaka yake. Ilikuwa imepita miaka 25. Mama alimtazama akatetemeka, wote wawili wakakosa la kusema. Walikaa kimya wakitazamana, wakishikana mikono, machozi yakitoka. Mwaka 1848 mama alibatizwa, akaitwa Hana, kama mama wa Samweli katika Biblia.

Mengine tuyapite kwa haraka. Alitafsiri Biblia kwa Kiyoruba pamoja na wenzake, na tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Canterbury, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana.

Wengi hukomea hapo, maana mwisho wake unauma. Mwaka 1890, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, vijana wamisionari kutoka Uingereza waliwashtaki watumishi wake wa Kiafrika na kuwasimamisha mbele yake. Alijiuzulu katika kamati ile, lakini hakuliacha kanisa. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu. Askofu Mkuu wa Canterbury aliomba radhi kwa ajili ya jambo hilo mwaka 2014.

Aliwahi kuandika kwamba siku ile ya Osogun, ingawa ilikuwa ya msiba, ilimletea pia baraka. Ni haki yake kusema hivyo, maana msiba ulikuwa wake. Wapendwa, msimwambie maneno hayo mama aliyempoteza mtoto mwezi uliopita. Kaeni naye.

Wanaotafuta ndugu waliopotezana nao waonane nasi Jumapili baada ya ibada, tuwasindikize kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Leteni majina ya wazazi, kijiji, na mahali mlipoonana mara ya mwisho.